Kamera ya Kumletea Mama Mlima

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unalala ukiwa umekaa? Wifi naye mzima? Sisi wazima wa mwili. Moyo wangu ndio umechafuka, na bora nikueleze wewe kuliko kumtemea mtu mate.

Unajua Mama alivyoomba. Miaka yote aliongoza wageni mpaka kileleni, na sasa daktari wa macho amesema giza linakuja. Anataka picha ya kile kilele, kubwa ya kujaza ukuta, aitazame akiwa bado anaona. Ndiyo maana nikatafuta kamera ya filamu pana, ambayo picha yake hata ukiikuza namna gani haififii.

Nilikwenda duka la kamera za mitumba na huyo tunayemwita Profesa, mume wa kitindamimba wetu. Debe tupu haliachi kuvuma. Aliinua kamera kubwa kuliko zote, akairudisha mezani, akasema, "Hii nyepesi, Dada. Hii ndiyo ya watu wazima." Nyepesi! Aliishika muda wa kupiga chafya, nami nikamsikiliza, nikainunua. Mimi niliibeba mlimani tangu alfajiri, pamoja na miguu yake mitatu ya chuma, yeye akibeba chupa ya maji na maoni. Shingo yangu bado ina alama ya mkanda. Hata harufu yake ilinichefua, ukungu mtupu, kama viatu vilivyosahauliwa kabatini.

Lakini tulifika, na kilele kilikuwa wazi. Nikapiga picha zote kumi na mbili za filamu ile, kisha nikainama kufunga kamba za viatu. Kuinuka, namkuta Profesa amefungua mfuniko wa nyuma, jua linapiga ndani.

"Naangalia tu zimetokaje," akasema.

Filamu yote imeunguzwa na mwanga, haikubaki picha hata moja. Yule mjuaji wa kamera alidhani filamu ni simu! Nilimtazama kwa kinyaa mpaka akaanza kusifia mawingu. Najua maji yakimwagika hayazoleki, lakini hata samahani hajasema mpaka leo.

Jana nilirudi dukani peke yangu. Lile jiwe nimelirudisha, nikachagua ndogo inayojikunja, yenye lenzi moja tu. Kabla ya kukubali niliivaa shingoni, nikapanda na kushuka ngazi za jengo lao mpaka nikatoka jasho, muuzaji akinicheka. Acha acheke.

Umeandika nisubiri, mwakani utaniletea mpya. Usinichefue na wewe. Leo asubuhi Mama alinimiminia chai mezani, pembeni ya kikombe, akanisogezea kikombe kikavu na kusema ninywe ingali ya moto. Nikasema asante, Mama.

Kesho napanda.

Nisalimie wifi na mapacha wangu, waambie shangazi yao ananuna lakini hajawasahau. Mungu akutunze huko uliko, na kesho aniondolee mawingu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikaripia.