Mistari Mitano Chini ya Rangi Nyeupe

KITUO KIDOGO CHA POLISI MIKOROSHINI, TEMEKE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Chausiku Mwishehe Pazi
Umri: Miaka 53
Dini: Mwislamu
Kazi: Fundi rangi za samani
Makazi: Tandika, Temeke
Tarehe: 2/10/2025. Muda wa kuanza: saa 3:20 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu. Nimeelezwa na afande kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba uongo wangu niliufanya kwenye rangi tu, na huo nitausema hapahapa.

Nina kibanda Tandika, napaka rangi samani za mbao, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mnamo Jumatatu tarehe 15/9/2025, saa 4 hivi asubuhi, alikuja Khalfani, mteja ninayemfahamu kwa sura na jina. Alileta kwa guta kabati la nguo la milango miwili. Alitaka liwe jeupe pee. Lilikuwa mninga mtupu. Nilimwambia, "Baba, mninga huu unaupakaje rangi? Piga vanishi ung'ae." Akasema, "Bi Chausiku, wewe paka tu."

Nilipofungua mlango wa kulia niliona kwa ndani mistari ya maka peni ya zambarau, mmoja juu ya mwingine, na maandishi pembeni. Sikuyasoma. Nilimuuliza Khalfani, akasema ni watoto wa wapangaji wamechorachora. Sikuendelea kuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa kosa langu ni hili. Kila fundi anajua kuwa wino wa maka unatema, na mninga nao unatema. Ukipaka rangi ya maji bila kutanguliza sila, ile dawa ya kuziba mbao, doa linapanda juu hata upake mara ngapi. Sila yangu ilikuwa imeisha. Khalfani alilitaka kabati Jumamosi, na ndoo ya rangi ya maji alikuja nayo mwenyewe. Nikapitisha msasa juujuu, nikapaka. Uvivu, afande. Andika hivyohivyo.

Kesho yake mistari ilikuwa imerudi. Nikapaka mkono wa pili, ikarudi. Nikapaka wa tatu, ikaja hafifu lakini ikaja. Jumamosi tarehe 20/9 Khalfani alifika, akafungua mlango, akaniwakia mbele ya watu. "Hii ndiyo kazi? Na madoa haya silichukui!" Nilimwambia arudi nikishapata sila. Alipoondoka nililisukuma kabati pembeni kwa hasira, nikaendelea na kazi za wengine. Ndiyo maana lilikuwa bado lipo.

Mnamo Jumanne tarehe 30/9, saa 5 asubuhi, alipita mwanamke nisiyemfahamu. Alisimama mbele ya kabati, akainama kuangalia mguu wa nyuma, uliounganishwa kipande cha mbao. Akasema, "Shikamoo, mama. Hili kabati umelipata wapi?" Nikamwitikia, nikamwambia ni la mteja.

Alisema anaitwa Salma. Mume wake, Sadallah, alifariki mwezi wa tano, na eda alikaa Kigamboni kwa mama mkwe wake. Vyumba walivyopanga huku Temeke alivifunga shemeji yake, Khalfani, naye ndiye aliyehamisha vyombo. Salma alipotoka eda, wiki iliyopita, aliambiwa kabati limeliwa na mchwa na limetupwa. Lilikuwa lake, alipewa na mama yake mzazi alipoolewa.

Nilimjibu kwa ukali, nakiri. Nilisema, "Mwanangu, makabati yanafanana." Akaniambia, "Usifungue kwanza, mama. Mlango wa kulia, kwa ndani, marehemu baba Sele alikuwa anampima mtoto wetu urefu kila Idi. Ipo mistari mitano. Wa juu kabisa umepinda. Alikuwa anaumwa, aliuchora amekaa kwenye kiti, na maka yenyewe ilikuwa inakauka."

Lahaula! Nikafungua. Chini ya nyeupe yangu ilikuwepo mistari minne, na maandishi safari hii niliyasoma: Idi 2021, na kupanda hivyo mpaka Idi 2024. Wa tano haukuwepo. Salma alipapasa pale juu kwa kidole akaniuliza, "Huu umeufuta?"

Mie nimezika wazazi, nimezika mume, siyo mwepesi wa machozi, lakini nililia pale kibandani wateja wananiona. Nikamwambia achukue kabati lake. Guta nilimwitia mimi, na kamba nilifunga mimi.

Jana tarehe 1/10, saa 2 asubuhi, Khalfani alikuja kulichukua. Nilimwambia lipo kwa mwenyewe. Alisema atatuweka ndani wote wawili. Saa 8 mchana nikapata habari kuwa Salma amekamatwa kwa wizi na kabati limeletwa hapa kituoni.

Leo asubuhi nimemkuta Khalfani barazani. Alinivuta pembeni akanitaka niseme mistari ile niliichora mie, nilipokuwa napima mbao. Nilikataa kwa sauti ili kila mtu asikie. Ndipo naye akapaza sauti, "Huyo Salma kasema mitano, ipo minne. Muongo!" Ipo minne kwa sababu pale juu nilisugua zaidi. Kama kuna muongo, ni msasa wangu.

Afande, yule binti ana mtoto wa miaka minane, amelala kwa jirani. Picha za marehemu anazo kwenye simu, lakini mwandiko wake ameniambia umebaki pale tu. Kama kulitoa kabati lile ni kosa, lilitoka kwenye kibanda changu na kwa mikono yangu. Niwekeni mie, yeye aende kwa mwanawe. Na tafadhali, mtu yeyote asiliguse tena kwa brashi, hata mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ni yangu.

Sahihi: Chausiku M. Pazi

UTHIBITISHO WA ASKARI

Mimi WP Koplo Tusajigwe nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Muda wa kumaliza: saa 4:35 asubuhi.

Baada ya hapo nimekagua kielelezo, kabati la mninga lililopakwa rangi nyeupe, lililofungiwa stoo tangu jana, ufunguo ninao mimi. Ukaguzi umefanyika mbele ya shahidi na mlalamikaji Khalfani. Jana wakati wa kulipokea niliandika daftarini kuwa mlangoni ipo mistari minne. Leo nimehesabu mitano. Wa juu ni hafifu, pembeni umeandikwa Idi 2025, na umepinda kushuka upande wa kulia. Mlalamikaji amezuiliwa kwa mahojiano.

Salma ametolewa mahabusu saa 5:10 asubuhi. Ameomba kuuona mlango kabla ya kuondoka. Nimempeleka mwenyewe.