Umelala kwa Nani

Kigongo, 3 Novemba 2025

Mwanangu Modesta,

Natumaini baridi ya mlimani haikuumizi na kikohozi kimekuachia. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua hii jirani yetu Rose ataipiga picha akutumie. Simu yangu amekaa nayo baba yako mdogo Masele, anasema mjane hapigi simu ovyo.

Tangu tumzike baba yako Nestory, Masele amehamia ndani ya nyumba yetu. Mila ya ukoo wao unaijua. Siku ya arobaini wazee wataniuliza swali moja tu, nimelala kwa nani. Nikilala chini ya paa analolala yeye, nimekuwa mkewe. Nikilala nje ya kiwanja, nimerudi kwetu na nyumba ni yake. Nilikuwa nalala kwenye jiko la nje. Jana amelibomoa, eti lisije likaniangukia. Huruma ya fisi kwa mbuzi.

Usiniambie habari za mahakama. Kesi itafika mwakani, na leo nitalala wapi? Fundi akija na tofali anafukuzwa. Nikitoka hata kuteka maji, nitakuta geti lina kufuli. Nimekaa hapa uani naliangalia daraja, lile baba yako aliloapa kulivuka kwa miguu. Lilifunguliwa akiwa kitandani.

Mama yako,
Tereza


Moshi, 5 Novemba

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimepona. Barua yako nimeisoma. Nina hasira. Ningekuja leo, lakini wewe mwenyewe ulinifundisha: binti akionekana kabla ya arobaini, watasema amekuja kumchukua mama yake.

Zile fimbo mbili za baba, alizotembelea miaka yote akiongoza wageni Kilimanjaro, bado zipo? Na turubai la kuanikia mpunga? Mlimani wapishi wetu hulala hivyo. Simamisha fimbo moja huku na nyingine kule, turubai lipite juu, kingo uzivute chini kwa kamba. Upande mfupi uelekee ziwani unakotoka upepo. Paa hilo litakuwa lako.

Mwanao,
Modesta


Kigongo, 8 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Limeanguka. Nilichimba mashimo nikazishindilia zile fimbo kama nguzo za nyumba ya udongo. Mvua ikalainisha ardhi, zikazama, turubai likanilalia na maji yake yote. Masele alisimama dirishani. "Shemeji," akaniambia kwa upole, "humu ndani pakavu."

Sikuingia. Nilijiviringisha turubai nikakaa kwenye matope. Nimechoka, mwanangu. Niambie tu niende kwa kaka yangu kule Magu, niache haya.

Mama yako


Moshi, 9 Novemba

Mama,

Shikamoo, na pole. Usiende Magu. Kosa ni langu, sikueleza vizuri.

Fimbo hizi hazichimbiwi. Zipindue. Mkono wa fimbo ukae chini juu ya jiwe bapa, ncha ipenye tundu la turubai. Kutoka kila ncha vuta kamba kwenda nje, uifunge kwenye jiwe zito. Mawe huko hamjawahi kuyakosa. Kinachoisimamisha fimbo ni kamba kuvutana, si udongo. Pembe isiyo na tundu, fungia kokoto ndani yake, kamba ishike hapo. Kila jioni kaza, maana zikilowa zinalegea.

Napanda na wageni leo. Juu hakuna mtandao.

Mwanao


Moshi, 17 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nimeshuka, sijakuta barua. Rose anasema ile ya mwisho alikufikishia, kisha Masele akamkataza kufika, na kutoka nyumbani kwake huonekani. Nasikia mvua huko hazikatiki. Unaendeleaje? Unakula nini?

Mwanao


Moshi, 26 Novemba

Shikamoo mama. Andika hata neno moja.

Mwanao


Kigongo, 3 Desemba

Mwanangu Modesta,

Marahaba, na marahaba zote ninazodaiwa. Mimi mzima, ila mgongo. Nilikula viazi vya bustanini na maji nilikinga ya mvua pembeni mwa turubai. Niliogopa sana, sitakuficha. Kuna siku nililia mpaka nikasahau ninachokililia. Lakini kila jioni nilikaza kamba.

Siku ya arobaini wazee walikuja. Baba yako mkubwa Ngosha, yule aliyekuwa akimtania baba yako kwamba anatembelea fimbo kama kilema, ndiye aliyeuliza. "Umelala kwa nani?"

Nikamjibu, "Kwa Nestory."

Masele akasema nailoni si nyumba. Sikubishana naye. Nilimwomba Ngosha aingie aone nguzo. Aliinama akaingia kwa magoti, akaishika ile mikono ya fimbo iliyolika pale vidole vya baba yako viliposhika. Akakaa mle muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Hizi ni za Nestory," akawaambia wenzake. "Mjane amelala kwa mumewe."

Masele aliondoka siku hiyo hiyo. Simu amenirudishia, lakini nimeona nikuandikie, nimeshazoea.

Jana nililishusha turubai, nikalianika. Nikachukua fimbo moja, nikatoka, sikumuaga mtu. Nimelivuka daraja kwa miguu mpaka Busisi, nikageuka, nikarudi nyumbani kwangu.

Geti nililikuta wazi, kama nilivyoliacha.

Mama yako,
Tereza