Mzee Yupo?

Duluth, Novemba

Shangazi Greta,

Bweni hili lina watu, we acha tu! Alhamisi tulijibana wote kitandani kwangu tukitazama hoki ya barafuni kwenye runinga yangu ndogo, kwa akaunti ya Baba ya vipindi vya mtandaoni, ambayo inaruhusu runinga moja tu kwa wakati mmoja. Mara picha ikakatika. Kuna mtu mwingine anatazama.

"Nani huyo mchawi?" akafoka Delphine, ninayekaa naye chumba kimoja. "Mtoe!"

Nikaangalia kwenye simu. Ni Baba, huko nyumbani, amefungua kile kipindi cha keki alichokipenda Mama. Na unajua, Shangazi, tangu tumzike Mama kaka yako alikuwa hajagusa runinga.

Nikawaeleza. "Nikibonyeza hapa, yeye ndiye atakatika."

"Thubutu uone!" Delphine akaninyang'anya rimoti. "Mwache mzee na keki zake."

Mechi ilikuwa sare, dakika za mwisho, na hakuna aliyenung'unika! Tukashuka ukumbini, kwenye runinga mbovu inayoonyesha barafu ya kijani.

Sasa kila Alhamisi Delphine anauliza kwanza, "Mzee yupo?" Nikisema yupo, wanashangilia kama tumefunga bao, halafu tunashuka.

Usimwambie, tafadhali. Asije akatuachia.

Signe wako