Baba Hanywi Maji, Mizani Inakataa

Mpendwa Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, ila kwanza niungame jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki, hata kwenye daftari langu la siri sijaliandika: baba yangu anaitwa mwongo kwa sababu yangu.

Nina miaka kumi na sita, nasoma shule ya lugha mbili, na nina haya kiasi kwamba mwalimu akiniuliza swali naijibu meza. Baba ni fundi viatu. Figo zake zilichoka mwaka jana, kwa hiyo mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na Jumamosi naenda naye mimi. Daktari ni mgeni, anazungumza lugha ya shuleni tu, basi baba amenifanya mkalimani wake, na kwa wateja anajisifu, "Kiatu kina ulimi mmoja, huyu binti yangu ana ndimi mbili!" Wao wanacheka, mimi naisikia ile maana nyingine ya ndimi mbili, ya uongo.

Shangazi, ile mashine naipenda kuliko inavyofaa kupenda kitu kinachomchoma baba sindano mbili. Damu inatoka kwa mpira mmoja, inapita kwenye chujio lenye umbo la tochi, ndani mna mirija kwa maelfu, myembamba kama nywele, damu inapita ndani ya mirija na maji maalumu nje yake, na uchafu wenyewe unahama kutoka kulikojaa kwenda kusikojaa, kama harufu ya gundi ya baba inavyotoka kibandani mpaka uani bila mtu kuibeba. Maji yaliyozidi mwilini ndiyo mashine inayavuta. Naweza kuitazama saa zote nne, na nilikuwa nikiitazama hivyo siku nilipokosea.

Daktari alitaja neno moja, lile la lugha ya shuleni lenye maana ya chochote cha majimaji kinachoingia mwilini, akasema kisizidi kipimo fulani kwa siku. Neno nililijua nusu. Ningeuliza, lakini wagonjwa watano walikuwa wananitazama, masikio yakaniwaka, nikasema haraka, "Baba, daktari anasema upunguze maji." Baba akajibu, "Kupunguza ni kwa waoga. Naacha."

Na akaacha kweli, baba akisema basi ni basi. Tangu siku hiyo hajagusa maji. Asubuhi uji bakuli zima, kiu ikimbana chai, mchana supu, jioni maziwa. Hata tikiti maji amelikataa kwa sababu ya jina lake, akaomba supu nyingine.

Sasa kila akipanda mizani amezidi kilo tatu, siku nyingine nne. Kuna muuguzi tunamwita Dada Mizani, anamwambia, "Mzee wangu, kilo nne hizi umezitoa wapi, umemeza soli?" Baba anasema, "Sijagusa maji, naapa." Naye anasema, "Basi mizani inakusingizia, tuipeleke polisi." Wagonjwa wote wanacheka. Mama amelifungia jagi kabatini. Jumamosi iliyopita baba alishindwa kulala chali, pumzi zikawa fupi kama za mtu aliyepanda mlima, wakasema maji yamefika mapafuni, wakamuunganisha haraka. Alipotulia mama akamwinamia, "Baba watoto, unataka kuniacha mjane kwa bilauri ya maji?" Na baba, Shangazi, baba yangu huyu, akatazama miguu yake iliyovimba akasema taratibu, "Labda nakunywa nikiwa usingizini."

Jumanne kwenye somo la biolojia lile neno likaja ubaoni, na maana yake yote. Leo Alhamisi, bado sijasema. Nikisema, ataniamini tena lini? Nani atampelekea maneno yake? Na kuna jambo jingine, usinicheke: hivi mashine inajua maji yapi yalikuwa chai na yapi supu?

Nasikia kandambili zake zinakokota, kwa sababu viatu alivyojishonea mwenyewe siku hizi havimwingii. Mara tatu leo nimeificha karatasi hii chini ya kitabu. Anakuja mlangoni. Safari hii naiacha hapa mezani,

Mkalimani

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, Mkalimani. Nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalokuwasha. Hapana, mashine haijui chai wala supu. Vikishafika kwenye damu vyote ni maji. Figo nzima huchuja ndoo baada ya ndoo kila siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutupa kidogo kama mkojo. Zikichoka, kilichoingia hakina mlango wa kutokea. Kinajaa miguuni, kisha kinapanda. Kwa hiyo mbele ya mashine ulitafsiri sawasawa. Mbele ya baba yako, mtu wa neno lake, ulikosea.

Sasa nikukaripie. Kukosea neno si dhambi. Kulijua kosa Jumanne na kulikalia mpaka Alhamisi, huku baba anakunywa uji kwa moyo mweupe, hapo umeniudhi. Mapafu hayangoji posta, mwanangu. Lakini fimbo nyingine ni ya wakubwa: nani alimtwisha mtoto maneno ya daktari? Na wewe Dada Mizani, una utani mtamu, ila wiki zote hizo ulishindwa kumuuliza mzee, "Mbali na maji, unakunywa nini?"

Fanya hivi. Msingojee Jumamosi, siku ya mashine iliyo karibu zaidi nenda naye, na kabla hajapanda mizani mwambie muuguzi wazi, "Nilitafsiri vibaya, baba hakudanganya." Mwombeni daktari kipimo cha siku nzima, mkihesabu chai, uji, supu na maziwa, na safari hii pawepo mkalimani mtu mzima, wewe usikilize. Muulizeni na habari ya chumvi, maana chumvi ndiyo inayoita kiu. Pumzi zikimwia fupi tena, ni hospitali saa hiyohiyo. Mama afungue kabati, na maneno ya kumwambia mumewe anayajua. Nawe, neno likikupita, sema, "Sijalielewa, rudia." Iambie meza ukipenda, lakini kwa sauti.

Unauliza atakuamini tena lini. Binti, barua hii hukuituma wewe. Bahasha ilifungwa kwa gundi ya viatu, nimeifungua kwa kisu na jasho. Na chini ya jina lako kuna mstari wa mwandiko mwingine, kwa penseli nene ya kuchorea ngozi: "Shangazi, mkalimani wangu ni huyuhuyu. Ila naomba kuuliza, na uji pia?"

Ndiyo, fundi. Na uji pia.