Kahawa Isiyoganda

Mama, shikamoo kutoka kaskazini mwa Ufini, ambako nikipumua ndevu zinageuka nyeupe kama za Babu.

Jana tuliendesha pikipiki za theluji. Mwenyeji wangu, mzee Eino, alinifundisha kubeba chupa ya chai kichwa chini, ili barafu ianzie kwenye kitako na mdomo ubaki wazi. Tuliposimama kunywa, chai yote ilikuwa jiwe. Mzee akaitazama ile chupa kama mtoto aliyemsomesha halafu akafeli.

Nikatoa akamwani yako, ile kahawa ya kutafuna uliyonilazimisha kubeba. Akauliza maji yanatiwa saa ngapi. Nikamjibu hayatiwi, ndiyo maana haijaganda. Akatafuna, kisha akanyoosha mkono tena. Nikajiona niko nyumbani Muleba, nakaribisha mgeni.

Leo kahawa imekwisha, naye ameshaniuliza mara mbili kama mama yangu hajambo.

Kile kifuko cha pili cha akamwani ulichokitafuta siku ya safari, mimi ndiye niliyekificha chini ya kitanda changu, nikiona aibu kukibeba. Kichukue, utafune pamoja na Baba, na uwe umenisamehe kabla hakijaisha.

Mwanao,
Mwesiga