Mashoka ya Baba Yamefika Kwangu

Ampisikina, Mahajanga. Jumapili alasiri, mwisho wa Agosti.

Joto kavu. Upepo umeingiza vumbi jekundu mpaka ndani ya vikombe. Sentensi ya kwanza nimeifuta mara tatu.

Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyojifunza Tanga nilipoolewa huko na kuishi miaka kumi na minne. Wasomaji wangu wachache wako huko. Hapa Mahajanga watu wanaongea Kisakalava na Kifaransa, na sisi nyumbani tunachanganya na Kikomori cha wazazi wetu. Kati ya Mama na ndugu zangu hakuna anayeweza kusoma ukurasa huu. Ndiyo maana nimekuwa nikijificha humu miaka yote hii. Lakini hata humu, jambo la leo sikuwahi kuligusa.

Naogopa.

Alhamisi mdogo wangu Zalihata alifika kutoka kisiwa cha Nosy Be. Alivuka bahari kwa boti hadi bandari ya Ankify, akapanda gari, akafika kwangu siku ya pili amevimba miguu, na mikononi ana sanduku la mbao lililofungwa kamba. Sikuhitaji kuuliza. Nililijua lile sanduku. Ndani yake mlikuwa na mashoka matatu ya Baba.

Baba alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi. Alifariki miezi mitano iliyopita. Zana zake zilikuwa zikikaa kwenye kibanda kule ufukweni, na sasa mwenye kiwanja anakitaka kiwanja chake. Mama, ambaye anaishi na Zalihata mjini Hell-Ville, kule kule kisiwani, hataki mashoka yaingie nyumbani. Amekataa tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Hata msibani hakulainika.

"Wewe una sebule nzuri, Zoky," Zalihata aliniambia. Ananiita hivyo, kama watu wa huku wanavyomwita mkubwa wao. "Tuyatundike kwako. Wageni wakija wajue Baba alikuwa nani."

Ningesema nini? Nilisema sawa. Kisha nikalipandisha sanduku juu ya kabati la nguo, nikafunga chumba kwa ufunguo, na kwa siku tatu kila nilipopita nikakijaribu kitasa. Nilijiambia ni kwa ajili ya Nafissa, mjukuu wangu wa miaka mitatu, ninayekaa naye wakati mama yake yuko sokoni Mahabibo. Ni kweli, mtoto huyo hapiti kitu bila kukigusa. Lakini si Nafissa peke yake aliyenifanya nijaribu kitasa.

Leo asubuhi Zalihata aliliomba sanduku. Alikaa kwenye mkeka akayatoa mashoka moja moja. Kila ubapa ulikuwa umevishwa kipande cha mpira wa kumwagilia maji, kilichopasuliwa kwa urefu na kufungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Ndani ya mpira, kitambaa chenye mafuta, kwa sababu ya kutu. Baba hakuwa hivi zamani. Zamani aliyaweka juu ya boriti za jiko na basi. Alianza uangalifu huu baada ya ajali.

Mawili ni makubwa, ya kuangusha miti na kutoboa magogo. La tatu ni dogo, la kusawazisha. Zalihata alilishika hilo dogo bila kusita, akalifuta, akalipaka mafuta, akaupima uzito wake mkononi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu ya mkeka. Una vidole viwili.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mgongo wote umelowa jasho.

"Mimi niliyekatwa siogopi," alicheka, "wewe uliye mzima unatetemeka."

Alipigilia misumari miwili juu ya kochi, akavua ule mpira ili chuma kionekane, akalitundika lile dogo. Nilimwambia si hapo, si juu ya watu wanapokaa. Nilimwambia ukuta huu ni lipu ya mchanga tu, msumari haushiki. Akasema nampigia kelele kama Mama. Alikaa kwenye kochi kulitazama kutoka chini, Nafissa kamkalia mapajani. Kisha mtoto akataka maji, wakainuka wote wawili wakaenda kwenye mtungi, hatua nne tano hivi.

Nilisikia lipu ikimwagika, kama mchele unaopakuliwa. Halafu kishindo.

Shoka lilikuwa limesimama kwenye godoro la kochi. Limezama mpaka nusu ya ubapa, mpini juu, pale pale walipokuwa wamekaa.

Nafissa hakulia. Alisema "Oh!" kwa mshangao, akiwa na kikombe mkononi. Mimi ndiye niliyepiga ukelele. Na katika ukelele ule maneno yakatoka ambayo nimeyafungia tangu nina miaka kumi.

"Ni mimi! Ni mimi niliyeliacha!"

Zalihata alinigeukia. "Wewe nini? Mimi ndiye niliyelitundika."

"Si hili. La siku ile. Mimi ndiye niliyeliweka nyuma ya mlango wa jiko. Si Baba."

Nimemweleza yote nikiwa nimesimama, nimemshika Nafissa kifuani. Nayaandika na hapa.

Ilikuwa Ijumaa, Baba yuko msikitini. Alikuwa ametukataza kabisa kugusa zana zake. Nilipanda juu ya kinu, nikalishusha shoka dogo kutoka kwenye boriti, kwa sababu nilitaka kujichongea mtumbwi wangu wa kuchezea. Nilichonga kidogo uani. Nikasikia Mama anarudi. Hapakuwa na muda wa kupanda tena, kwa hiyo nikaliegemeza nyuma ya mlango, makali yakitazama nje, nikatoka mbio kumpokea kapu kama mtoto mwema. Nilisema moyoni nitalirudisha baadaye.

Zalihata alikuwa na miaka sita. Alikuja anakimbia bila viatu, akausukuma mlango. Mlango uligonga shoka ukarudi, na shoka likateleza likamwangukia mguuni.

Nakumbuka teksi, Renault nyeupe, na kanga ya Mama ikibadilika rangi. Nakumbuka Mama akimpigia Baba kelele mbele ya hospitali, watu wote wanatazama: "Umeacha shoka mlangoni! Nyumba yenye watoto!" Na Baba, akiwa bado na kofia yake ya msikitini, alisimama akifikiri. Kisha akasema, "Labda. Asubuhi nilikuwa na haraka."

Hakukumbuka. Akakubali tu.

Nilikuwa karibu naye, ningeweza kumvuta shati. Neno moja lingetosha. Niliogopa kuchapwa. Kesho yake niliogopa zaidi, kwa sababu sasa kulikuwa na uongo pia. Kila siku iliyopita iliongeza uzito, na nilipokuwa mtu mzima jambo lenyewe likawa halinyanyuliki. Nilipoolewa mbali nilifurahi, na si kwa sababu ya mume peke yake.

Mama aliendelea kumpikia Baba na kumfulia. Lakini akiwa na wanawake wenzake, mara nyingi hakumtaja jina. Alimwita "yule aliyemkata mwanangu." Nimelisikia mara ngapi sijui. Baba naye alilisikia.

Nilipomaliza, Zalihata alikuwa amekaa sakafuni.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Na sasa?"

"Hamsini na nne."

"Basi usiniambie ulikuwa mtoto."

Aliukunja mguu wake wa kulia, akaushika. Kisha akasema mambo ambayo sikuyajua, maana Baba alipokuwa anakufa mimi nilikuwa huku, nikafika baada ya maziko.

"Wiki ya mwisho hakuweza kunyanyua kikombe. Lakini alinishika huu mguu. Akasema, nisamehe mwanangu, niliacha shoka mlangoni. Nikamwambia, Baba, nilikusamehe zamani. Akasema, niambie tena. Kila asubuhi nilimwambia tena, Zoky, mpaka asubuhi ambayo hakuuliza."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Nilikuwa namsamehe mtu asiye na kosa. Na yeye alikuwa ananiamini."

Nilimwomba radhi. Neno lenyewe lilitoka dogo mno. Aliinuka, akaling'oa shoka kwenye kochi kwa mikono miwili, akalivisha mpira wake, akatoka nalo uani. Mimi nilikaa pale na mtoto. Nilikuwa na hakika anafungasha. Nilisikia bomba la maji likifunguliwa, likifungwa. Nikawaza, anaondoka, na sitakuwa na ndugu tena. Sikuthubutu kuchungulia.

Baada ya sala ya adhuhuri alirudi na bisibisi.

"Ukutani hayawezi kukaa," alisema. "Lete lile kabati la vyombo."

Tulitoa sahani na glasi zote. Ni kabati fupi, mlango wa kioo, mgongo wake mbao nene ya zamani, si ubao wa kubandika. Tulilisukuma kwenye kona, mbali na kochi na njia, tukalikaza kwa chuma kwenye nguzo ya mbao ya kona ili lisipinduke mtoto akilivuta. Kisha Zalihata akapigilia kipande cha ubao chini kama ukingo, na kila shoka tukalisimamisha kichwa chini, kwa sababu kitu ambacho tayari kiko chini hakina pa kuanguka. Makali yote yameelekezwa nyuma, yamevishwa mpira. Mipini tukaifunga kwa mikanda ya ngozi kwenye skrubu ndefu. Alipomaliza alitikisa kabati kwa nguvu zake zote. Hakuna kilichocheza.

Kwa muda wote huo maneno yake kwangu yalikuwa matatu: shika, vuta, kaza. Nilishika, nikavuta, nikakaza. Shoka dogo lilipopita mikononi mwangu nilitaka kulitupa, lakini sikuliachia. Mpini wake ni mwembamba kuliko nilivyokumbuka. Umelika pale kidole gumba cha Baba kilipokuwa kikikaa.

Nafissa akaja kugonga kioo kwa kidole. "Hapana!" tulisema pamoja, sauti moja, mimi na Zalihata. Mtoto akarudi nyuma. Tulitazamana, na kwa kitambo kidogo sana nilidhani atacheka.

Hakucheka. Alifunga mlango wa kabati, akanipa ufunguo.

"Uweke juu, asipofika mtoto. Na sasa nisikilize. Mimi niache kwanza. Mimi nitajua nifanye nini na wewe, leo sijui. Lakini Mama yuko hai. Ana miaka themanini na mbili na mpaka leo anamsema mumewe vibaya. Baba hawezi tena kusikia, sawa. Mama anaweza kunyamaza. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Usiniagize mimi, wala usimpigie simu."

"Itamuua," nilisema.

"Hilo ulilisema pia kuhusu Baba?"

Ndivyo nilivyojiambia kuhusu Baba kwa miaka mingi.

Gari la kwenda Ambanja linaondoka kesho alasiri. Zalihata ameshanishikia kiti. Yeye atabaki hapa na Nafissa. Amesema sasa hivi hataki kukaa karibu nami safari ndefu namna hiyo, na amelisema bila hasira, jambo lililoniuma zaidi. Kutoka Ambanja nitateremka Ankify, nitavuka, nitapanda ule mlima wa bandarini mpaka nyumbani. Njia naijua kwa miguu. Nimeshafunga begi. Nimelifungua na kulifunga tena, hakuna nilichosahau.

Nimewaza kuugua. Naandika ukweli: nimekaa kitandani nikajipapasa paji la uso nikiomba liwe la moto. Mwanamke wa umri wangu, kama mtoto asiyetaka shule. Halikuwa la moto.

Naogopa uso wake. Naogopa atakapoanza kuhesabu miaka. Naogopa atasema hakunisikia vizuri, na itanibidi niseme mara ya pili. Naogopa kwamba atanisamehe haraka, kama akina mama wanavyofanya, kisha abaki peke yake na lile alilomtendea Baba, bila mtu wa kumwomba radhi. Kama ninavyobaki mimi.

Lakini nitaenda. Nimeliandika hapa ambapo watu wa Tanga wataliona, ili nisiweze kurudi nyuma.

Nusu saa iliyopita Zalihata alimpigia simu kumwambia nakuja. Hakusema kwa nini. Alinipa simu. Sauti ya Mama ilikuwa juu, ya furaha, akipaza kama kwamba nipo ng'ambo ya mto. Nilimwamkia. Alitaka kujua nataka anipikie nini: samaki wa nazi, au mataba, mboga ya majani ya muhogo niliyokuwa nikiipenda?

Nilisema mataba. Nikarudisha simu.

Sasa nakaa nikijiuliza. Nitakula kwanza ndipo niseme, au nitasema kabla sijanawa mikono?