Kitabu Kinachoishia M

Jumatatu, 6 Mei
Mbele ya mashahidi wawili, mke wangu na jogoo, natangaza rasmi: asubuhi hii nimemaliza tena kitabu cha Kiingereza cha kompyuta. Maneno yamepangwa kuanzia A. La mwisho ni memory. Baada ya memory, hewa.

Kurasa zilizobaki mama yangu alizitumia kuwashia moto wa kupikia wakati wa vita, tulipokimbilia msitu wa upande wa Kibombo. Kuni mbichi, mvua, watoto wanalia njaa. Alianzia nyuma. Alisema mwanzo wa kitabu una heshima yake. Wali uliiva. Doa lake la mawese bado liko ukurasa wa kwanza, kama muhuri.

Jumatano, 8 Mei
Mtihani wa chuo cha kompyuta ni Ijumaa, wa mdomo. Unaokota karatasi tatu ndooni, kila moja neno moja, unaeleza kwa Kiingereza. Mwaka jana niliokota printer. Imprimante, ndiyo hiyo printer, nazitengeneza tangu vita viishe. Siku ile nilidhani ni cheo cha mtu. Nikaanguka. Nikianguka tena, chuo kinanifuta. Miaka arobaini na saba, kufutwa kama mutoto.

Mwalimu wa mwaka jana amehama. Wa sasa katoka Kisangani. Hacheki.

Naogopa. Basi.

Alhamisi, 9 Mei
Nimetafuta nusu ya pili mji mzima. Hakuna. Walio na kitabu wana fotokopi ya changu, niliyowatolea mwenyewe kibandani kwangu. Zingine zilipandia Lubutu, njia ya Kisangani, sijui zililala wapi.

Simu ya Sakina, binti yetu, imenipa maneno arobaini. Kufika jioni yamebaki manne kichwani.

Mama Sakina: «Baba Sakina, na huyu mwalimu anatoa maneno wapi? Umuulize!»
Mwalimu haulizwi.
«Basi kaa na Kiingereza yako ya nusu, sawa baskeli ya gurudumu moja.»

Ijumaa, 10 Mei
File. Backup. Ya tatu niliikunjua nimefumba macho: keyboard.

Nilitiririka. Kumi na sita juu ya ishirini. Nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu. Darasa zima limepita, hata wale wavivu.

Mama Sakina amepika. Shahidi wa pili ameliwa.

Jumatatu, 13 Mei
Mvua kidogo. Wateja wachache. Mwalimu amekuja kibandani na kitabu chake cha kufundishia, kimechakaa, nimtolee kingine. Ni fotokopi ya fotokopi. Ukurasa wa kwanza una doa jeusi.

Nimefunua wa mwisho. Memory.